Trela Umejichomelea Mwenyewe. Bima Je?

Wewe mwenye ile trela ya kambi iliyofunikwa turubai kwenye ploti huko Kimbo, au Makongeni, au nyuma ya duka la mzee wako pale Witeithie, leo nakuandikia wewe. Najua umeijenga kwa ekseli ya pikapu iliyokufa. Najua vyuma ulinunua kidogo kidogo kila mwisho wa mwezi, godoro ukalitoa kwa kitanda chako mwenyewe, na picha zake ziko TikTok tayari, watu wanauliza kama utaikodisha na ni pesa ngapi. Swali langu ni moja na halipendezi: siku ikichomoka barabarani ikamgonga mtu, nani atalipa?

Usiniambie "si gari iko na bima." Mimi pia nilisema hivyo, tena kwa sauti.

Sisi tuko watatu. Mmoja ni fundi wa kuchomelea Ruiru, na mkono wake si wa mchezo. Wa pili ana ufunguo wa pikapu ya babake. Wa tatu ni mimi, niliyeacha chuo mwaka wa pili karo iliposhinda, na tangu hapo naishi kwa kuandika na kupiga picha za safari za watu. Miezi minne tulijenga trela moja: kitanda cha watu wawili, jiko linalovutwa nje kwa nyuma kama droo, tanki la maji la lita 60, na paa la kubeba hema. Hatukuwa na ramani. Kulikuwa na video za wazungu, chaki ya kuchorea sakafuni, na kubishana kwingi.

Jumapili moja asubuhi tukaamua kuijaribu. Kutoka Ruiru hadi Thika, na mambo yakiwa fiti tusonge mpaka Fourteen Falls. Tulishika leni ya kando ya barabara kuu, mwendo wa pole kabisa, kilomita 40 hivi kwa saa. Karibu na Juja tukapanda tuta, na nikasikia "kwaa!" kama mtu amepiga bati kwa nyundo. Trela iliruka kutoka kwa lile bonge la kuvutia. Pua yake ikashuka chini, ikaanza kukwaruza lami huku cheche zikiruka, na mkia ukaelekea kushoto.

Mnyororo ndio uliotuokoa. Fundi wetu alikuwa ameng'ang'ana tuweke minyororo miwili ya usalama iliyopishana chini ya ule mkono wa kuvutia, na sisi wengine tulimcheka, tukamwambia hii si lori la mchanga. Nyuma yetu kulikuwa na nduthi imebeba mama na mtoto wamevalia nguo za kanisa. Jamaa wa nduthi alikata kona akaishia kwa nyasi, akasimama, akatutukana mpaka kizazi cha nne, kisha akapangusa vumbi kwa nguo ya yule mtoto na akaenda zake. Hakuna aliyeumia. Mimi nilikaa kwa ukingo wa mtaro kama dakika kumi nikishindwa kuongea, na unavyonisoma unajua hiyo si kawaida yangu.

Kosa letu lilikuwa dogo hadi linaudhi. Bonge la kwenye pikapu tulinunua la mitumba, lilikuwa kama milimita 48. Kikombe cha kwenye trela kilikuwa cha milimita 50. Ukiyaunganisha kwa mkono yanashikana vizuri, unasikia "klik" na unafurahi. Kwa tuta yanaachana. Kama trela yako iko kwa ploti, acha kusoma sasa hivi uende ukapime bonge na kikombe kabla hujarudi hapa.

Usiku huo hatukuzungumzia bonge. Tulizungumzia yule mtoto. Na mwenye pikapu, ambaye kwa kawaida hana maneno, akauliza: "Ingekuwa mbaya, si wangekuja kwa buda?" Maana logibuku ya pikapu ina jina la babake. Babake ana shamba la robo ekari Gatundu na nyumba isiyoisha. Hicho ndicho tulichokuwa tunavuta nyuma yetu bila kujua.

Hebu nikuambie sheria inasemaje, kwa sababu mimi nilienda kuisoma nikiwa nimechelewa. Sheria ya bima ya magari kwa ajili ya watu wengine, ile ya Sura ya 405, inakataza mtu yeyote kutumia gari barabarani, au kumruhusu mwingine alitumie, bila bima inayolipia kifo au majeraha ya mtu mwingine. Hiyo ndiyo sote tunaita thadi pati. Kwanza elewa kinacholazimishwa: ni mwili wa mtu. Ukivunja Subaru ya mwenyewe, hilo linategemea polisi yako imeandikwaje, si sheria hiyo. Pili, sheria hiyo imeweka kikomo cha shilingi milioni 3 kwa kila mtu aliyeumia. Korti ikiamua aliyeumia alipwe milioni 5, hizo 2 zilizobaki zinatafutwa kwako na kwa mwenye gari. Na hapo ni pale ambapo kampuni imekubali kwamba ajali hiyo inahusu polisi yake.

Na je, trela imo? Tulitoa ile polisi ya mzee kwenye droo. Karatasi nyingi, herufi ndogo, hakuna aliyewahi kuisoma tangu siku ilipotolewa. Neno trela lilikuwemo mara mbili. Mara ya kwanza lilisema trela inafuata bima ya gari ikiwa imeunganishwa na gari na kampuni imejulishwa kwamba ipo. Mara ya pili lilisema uharibifu wa trela yenyewe na vilivyomo haulipwi. Hatukuwa tumemjulisha mtu yeyote. Na sasa fikiria ile sekunde ya Juja: trela imetoka kwa bonge lakini inavutwa na mnyororo. Hiyo imeunganishwa au haijaunganishwa? Mimi nina jibu langu. Wakili wa kampuni angekuwa na lake, na lake limevaa suti.

Polisi yako inaweza kuwa imeandikwa tofauti, kwa hivyo usichukue yangu kama msahafu. Itoe, itafute neno trela, usome aya nzima. Ukikosa kuelewa, tuma swali kwa baruapepe ili jibu liwe kwa maandishi. Jibu la simu ni upepo.

Jumatatu nikaingia Thika mjini na folda. Ofisi ya kwanza dada wa mapokezi alikuwa mzuri sana kwangu, akaangalia picha, akasifu jiko, kisha akasema tu: "Lete logibuku ya trela." Sina. "Nambari ya chesisi?" Sina. "Basi hiki kitu hakipo." Hakusema kwa ubaya. Kwa mfumo wake, hakipo kweli. Cheti cha bima ya gari siku hizi ni cha kidijitali, na mashine inataka kitu cha kuandika pale kwenye nafasi. Ofisi ya pili walinizungusha kutoka dawati la magari hadi dawati la mali ya nyumbani, kwa sababu trela ina kitanda.

Ya tatu haikuwa ofisi, ilikuwa ajenti mwenye meza moja kwenye ngazi za jengo. Huyu ndiye nataka tumzungumzie, kwa sababu wewe pia utakutana naye. Alisikiliza, akacheka, akasema: "Kijana, kwa nini unajisumbua? Tunaandika pikapu tu. Trela usiitaje. Mtu akiuliza, sema ni mzigo wa siku moja umeazima." Akanipa bei ya chini, na akaniahidi cheti kabla ya chakula cha mchana. Sitakudanganya, mkono wangu ulikuwa tayari kwa simu kutuma pesa.

Kilichonizuia ni swali la kijinga tu: nikamuuliza, na ajali ikitokea? Akasema, "Hapo tutaona."

Bima ni mkataba wa kuaminiana kwa ukamilifu. Anayekatiwa anatakiwa aseme kila jambo la maana ambalo lingefanya kampuni ikatae au ipandishe bei. Trela ya kienyeji yenye mtungi wa gesi ndani, inayovutwa wikendi kwa barabara ya matuta, ni jambo la maana hata kwa mtoto wa darasa la tatu. Na ile Sura ya 405 inayomlinda aliyeumia, ikiitaka kampuni imlipe hata kama ina malalamiko dhidi yako, imeiachia kampuni mlango: inaweza kwenda kortini, kabla ya kesi ya majeruhi kuanza au ndani ya miezi mitatu tangu ianze, kuomba itangazwe kwamba polisi haiifungi kwa sababu ulificha ukweli. Ikifaulu, mama wa Juja anabaki na wewe. Wewe unabaki na hukumu. Ajenti anabaki na kamisheni yake na ngazi zake.

Najua utaniambia karao hawaulizi. Ni kweli. Tumepita vizuizi viwili, na askari mmoja alitaka kujua kama ndani kuna friji. Lakini faini ya barabarani ndiyo sehemu nyepesi kuliko zote katika jambo hili, na kama ndiyo unayoiogopa peke yake, umeogopa kitu kidogo.

Basi tufanyeje? Baada ya wiki tatu za kuuliza watu wanaojua, nimefikia hivi: bima ya trela uliyojitengenezea haianzi kwa ofisi ya bima. Inaanzia kwa fundi, siku chuma cha kwanza kinakatwa. Kitu kikishaisha bila karatasi, kuitafutia karatasi baadaye ni kama kumtafutia mtu mzima cheti cha kuzaliwa wakati mkunga alishakufa.

Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inataka trela isajiliwe kivyake. Angalia malori pale Thika Road: kichwa kina nambari ya K, na nyuma trela ina nambari yake inayoanza na Z. Sasa ili NTSA waikague na kuiandikisha ya kwako, utaulizwa ni nani ameitengeneza, na umlipe vipi. Kama fundi wako amesajili biashara yake na ana PIN ya KRA, mwambie akuandikie stakabadhi ya kazi yenye jina, tarehe na vipimo. Kama hana, hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya kufanya, hata kabla ya rangi. Weka risiti ya kila chuma. Mahali uliponunua bila risiti, toa taarifa yako ya M-Pesa, ina tarehe na kiasi. Piga picha ya kila hatua, hasa mishono ya kuchomelea kabla haijafunikwa na rangi na bati, maana hapo ndipo mkaguzi na kampuni ya bima hawawezi kuona tena. Pima uzito wa trela ikiwa tupu, uipime ikiwa imejaa maji na mizigo, na uandike. Sisi tulidhani yetu ni kilo 400. Ikiwa imejaa ilikaribia 700, na uzito mwingi ulikuwa nyuma kwa sababu ya lile jiko letu la kujionyesha. Trela nzito nyuma huanza kuyumba kama samaki gari likiongeza mwendo. Uzito unaokalia bonge ukiwa kama asilimia 10 ya uzito wote, inatulia. Tumelihamisha tanki la maji mbele ya ekseli.

Taa za nyuma, za breki na za kukata kona, viakisi mwanga, minyororo miwili, bonge na kikombe vya kipimo kimoja. Kwa haya sina maelezo zaidi. Ni lazima.

Ukishakuwa na hayo ndipo uulize kuhusu bima, na uulize ukijua kwamba unaulizia vitu vitatu ambavyo watu huvichanganya. Kuna madhara trela itakayomfanyia mtu mwingine ikiwa barabarani. Kuna trela yenyewe, ikiibiwa au ikiungua, na hapo thamani yake ni risiti zako pamoja na neno la mthamini, si zile laki nne unazotaja ukiwa Kamakis mbele ya nyama. Halafu kuna wakati imesimama kambini, mtu amelala ndani, mtungi wa gesi unavuja. Hilo la tatu ndilo huwa hakuna aliyelifikiria. Na kama mpango wako ni kuikodisha, sema mapema, kwa sababu polisi ya matumizi binafsi na polisi ya biashara ni mbingu na ardhi. Rafiki yako akikutumia elfu tatu kwa simu ili aende nayo Naivasha, hiyo tayari ni biashara, hata kama mmeiita kuchangia mafuta.

Sasa nigeuke kidogo, kwa sababu lawama si zetu peke yetu.

Hapa Thika kuna kiwanda cha KVM, kilichokuwa Leyland Kenya zamani. Desemba 2016 Rais alikuja pale kuzindua Volkswagen Polo Vivo zilizoanza kuunganishwa nchini, na sote tukapiga makofi. Nikapiga pia. Lakini kijana wa Ruiru anayeunganisha kitu kimoja, kwa mikono yake, hajui aingilie mlango gani. Kila ofisi niliyoingia ilikuwa na mlango wa kiwanda na mlango wa anayeagiza kutoka nje. Wa jua kali haukuwepo. Tunaambiwa kila siku tujiajiri, tubuni, tutengeneze, halafu ukitengeneza kitu unaambiwa hakipo.

Kule Australia wana kijitabu cha serikali kinachoitwa VSB 1, cha watu wanaojenga trela ndogo za hadi tani 4.5. Kinaeleza taa, breki, minyororo, viungo vya kuvutia, na kibati kinachobandikwa chenye jina la aliyejenga, nambari ya utambulisho na uzito. Mtu anajenga nyumbani kwake akiwa na kijitabu hicho, na akimaliza trela ina jina. Sioni kwa nini NTSA na shirika la viwango, KEBS, wasitoe kurasa ishirini kama hizo kwa Kiswahili, zining'inie kwa kila banda la kuchomelea kutoka Githurai hadi Makongeni. Fundi wetu angezisoma. Alikuwa sahihi kuhusu minyororo bila hata kusoma.

Na kampuni za bima zisituambie haiwezekani. Mwaka 2015 serikali ilianzisha bima ya mifugo huko Wajir na Turkana, iliyokuwa ikilipa kwa kuangalia kwa setilaiti nyasi zimekauka kiasi gani. Mtu alikaa chini akafikiria namna ya kumkatia ngamia bima kutoka angani. Trela yetu ina magurudumu mawili, haitembei yenyewe, na iko umbali wa kutupa jiwe kutoka barabara kuu. Leteni mkaguzi aje na tochi na tepu. Mtupe masharti magumu, bei ya juu mwaka wa kwanza, mtukataze kuivuta usiku. Tutakubali. Kinachotusukuma kwa ajenti wa kwenye ngazi ni kukosa mahali pengine pa kwenda, na ajenti huyo akishatuzoea, kampuni zitakuwa zinabeba hatari hiyo hiyo bila kujua na bila kulipwa.

Na Mamlaka ya Kudhibiti Bima, IRA, inaweza kuanza na kitu kidogo zaidi: kuzitaka kampuni ziandike sentensi moja ya kueleweka kuhusu trela kwenye ukurasa wa kwanza wa polisi ya gari dogo. Imo au haimo. Mzee wa Gatundu ana haki ya kujua kijana wake anavuta nini na shamba lake.

Tulipo sisi kwa sasa: fundi amesajili biashara yake, na ameipiga trela nambari kwa nyundo na herufi za chuma kwenye mkono wa kuvutia, ijapokuwa tumeambiwa nambari ya kujipigia haitoshi mpaka ikubaliwe kwenye ukaguzi. Bonge jipya la milimita 50 limefungwa. Folda imenenepa. Ofisi ile ya kwanza, yule dada aliyesema kitu hakipo, amenijibu baruapepe kwamba nikipata usajili nirudi, wataangalia. Nimeichapisha hiyo baruapepe nikaiweka kwenye folda.

Wikendi hii tunaenda Ol Donyo Sabuk kwa matatu, hema mabegani. Trela inabaki Ruiru, mawe manne chini ya magurudumu, na ufunguo wa pikapu umerudi kwa babake.